Medali na Hirizi: Maelezo juu ya Visakramenti na Ushirikina

Wasomaji wetu wengi wamepata kuulizwa swali hili, ama na jirani Mwislamu, ama na ndugu Mprotestanti, ama na mtoto wa shule mwenye akili nyepesi: "Ninyi mwatukataza hirizi, na huku mwavaa medali shingoni. Mwatukataza zindiko, na huku mwanyunyiza maji milangoni. Je, tofauti i wapi?" Swali hili si la ufidhuli. Ni swali la haki, nalo lastahili jibu lililo bora kuliko lile litolewalo mara nyingi, yaani, "Vitu vyetu vimebarikiwa na Padre, na vyao vimetengenezwa na mganga." Jibu hilo halitoshi. Tena lina hatari, kwa maana alisikiaye aweza kudhani ya kuwa Padre ni mganga mwenye nguvu kupita waganga wengine, na medali ni hirizi iliyo kali zaidi. Na wako Wakristu, hata waliobatizwa utotoni, wadhanio hivyo hasa.

Tuanze na maneno, kwani mara nyingi lugha yajua jambo kabla wenye lugha hawajalifikiri.

Hirizi ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni kitu kihifadhicho, au mahali penye ulinzi. Kwetu ni karatasi yenye maandishi, iliyoshonwa ndani ya kifuko cha ngozi na kufungwa shingoni, mkononi au kiunoni. Talasimu nalo limepita kwa Waarabu, lakini asili yake ni Kiyunani. Zaidi ya hayo tunayo maneno yetu wenyewe: zindiko la nyumba au la mji, kago la shamba, na fingo, yaani dawa izikwayo chini, hasa penye njia ya kuingilia. Maneno haya matatu yametoka katika vitenzi: kuzindika, kukaga, kufinga. Mtu hukaga shamba lake siku moja, na tangu siku hiyo kago ndilo lifanyalo kazi. Mwenyewe aweza kwenda kulala. Hakuna maombi yatakiwayo baada ya hapo, wala toba, wala shukrani. Kinachotakiwa ni kuangalia mwiko usivunjwe.

Upande wa pili twaona maneno medali, rozari na skapulari, yaliyokuja pamoja na mapadre, na neno visakramenti, lililoundwa hapa kwa kutumia kiambishi chetu cha udogo, kama vile mji uzaavyo kijiji. Wengine wamekosea kulielewa neno hili. Wamefikiri ya kuwa kisakramenti kina nguvu ile ile ya sakramenti, ila imepunguzwa, kama dawa iliyotiwa maji. Sivyo Kanisa linavyofundisha. Katika sakramenti Kristu mwenyewe ndiye atendaye. Kisakramenti ni alama ambayo kwayo Kanisa laomba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilieleza jambo hili mwaka 1963: vitu hivi ni alama takatifu zinazofanana na sakramenti kwa namna fulani, na mafaa yake yapatikana kwa sababu ya maombi ya Kanisa. Tena huiweka mioyo ya watu tayari. Kwa hiyo medali isiyo na maombi wala moyo ulio tayari hubaki kipande cha bati chenye sura nzuri.

Sasa tulitazame neno ushirikina. Wengi hulitumia kwa maana ya upuuzi, au ujinga wa wazee. Lakini shina lake ni lile lile la shiriki, shirika na ushirika, nalo latoka katika Kiarabu, ambamo dhambi iliyo kubwa kupita zote ni kumpa Mungu mshirika. Basi, kwa asili ya neno, mshirikina si mtu aaminiye upuuzi tu. Ni mtu aliyemwekea Mungu mwenzi katika kazi yake. Naona neno letu laeleza kosa hili vizuri kuliko lile la Kilatini, superstitio, ambalo hata wanachuoni wa Ulaya hubishana juu ya asili yake. Mtu aweza kuwa msomi mkubwa, tena asiwe mjinga hata kidogo, na bado akawa mshirikina.

Lakini liko neno moja lituleteao shida kubwa, nalo ni dawa. Kwa Kiswahili twasema dawa ya homa, dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya mapenzi, dawa ya mvua na dawa ya vita. Neno ni moja, na kazi ni mbalimbali kabisa. Mzee ajuaye kuchemsha majani ya mwarobaini hafanyi ushirikina. Atumia nguvu ambayo Mungu ameiweka katika mti, kama afanyavyo daktari hospitalini, na hana haja ya kuificha. Asemaye ya kuwa waganga wetu wote walikuwa wachawi amewadhulumu wazee wengi waaminifu. Shida hutokea pale mwalimu wa dini, akitaka kueleweka upesi, awaambiapo watu kwamba maji ya baraka ni "dawa ya Kikristu". Amelichukua neno lenye mikono mingi, na wasikilizaji watashika mkono ule waliouzoea.

Nchi yetu ya Tanzania imepata kujua jinsi maji yawezavyo kuwa dawa ya namna hiyo. Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji yaliyochanganywa na nafaka, na habari ikaenea ya kwamba risasi za Wadachi zingegeuka kuwa maji. Vita vya Maji Maji vilikuwa na sababu za kweli: kodi, kazi za nguvu katika mashamba ya pamba, na mijeledi. Wala si haki kuwacheka wale walioyaamini maji yale, kwa kuwa yaliwaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa mbali mbali. Hata hivyo maji hayakuzuia risasi, na vita vilipokwisha mwaka 1907, maelfu kwa maelfu walikuwa wamekufa kwa bunduki na kwa njaa. Mwalimu afundishaye katika nchi ya Umatumbi au Ungoni habari za maji ya baraka hana budi kukumbuka ya kuwa neno maji lina kaburi huko. Na aseme wazi: maji haya hayazuii risasi, hayazuii ugonjwa, hayamfungi mwizi. Yatukumbusha ubatizo wetu, na Kanisa limeyaombea ili atumiaye kwa imani apate msaada wa Mungu, kadiri Mungu apendavyo.

Ipo njia nyepesi ya kumpima mtu, nayo hutoka katika sarufi ya lugha yetu. Mara nyingi kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha mtendaji. Basi msikilize mtu aliyeokoka katika ajali. Akisema, "Medali imeniokoa," mtendaji ni medali. Akisema, "Mungu ameniokoa, nami nilikuwa nimevaa medali ya Mama yake," mtendaji ni Mungu. Najua ya kuwa watu husema ovyo katika furaha, wala si kila asemaye maneno ya kwanza ni mshirikina. Lakini endelea kumsikiliza siku atakapopatwa na msiba. Chukua mfano wa mama aliyemvika mtoto mgonjwa rozari, naye mtoto akafa. Mama akilia na kumlalamikia Mungu kama Ayubu alivyomlalamikia, bado anasali. Malalamiko yake yaelekea kwa mtu asikiaye. Lakini akiitupa rozari na kusema, "Hii haifanyi kazi, nipeni nyingine," tumejua ya kwamba tangu mwanzo alikuwa amevaa hirizi yenye umbo la rozari. Na kama kwa ajili ya rozari ile alichelewa kumpeleka mtoto hospitali, hapo kosa halikuwa la mama peke yake. Ni la kila mtu aliyempa rozari bila kumweleza.

Maandiko Matakatifu yana habari zitufundishazo jambo hili. Katika kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 4, Waisraeli walishindwa na Wafilisti, wakafa watu kama 4,000. Wakafanya shauri kulileta Sanduku la Agano kambini, ili liwaokoe. Hawakutubu, wala hawakumwuliza Bwana. Sanduku lilikuwa takatifu kweli. Halikuwa kazi ya mganga. Basi wakapigwa tena, safari hii wakafa 30,000, na Sanduku lenyewe likatekwa. Hapa twaona ya kuwa hata kitu kilichoamriwa na Mungu mwenyewe, mtu akikitumia kama dawa ya vita, hakimfai kitu.

Habari ya pili yanipendeza zaidi. Musa, kwa amri ya Mungu, alitengeneza nyoka wa shaba, na walioumwa na nyoka wakamtazama wakapona. Asemaye ya kuwa Mungu hatumii kamwe vitu vya kuonekana na aisome sura ya 21 ya Hesabu. Lakini baada ya miaka mamia, Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba nyoka yule yule, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Shaba haikubadilika. Nyoka aliyekuwa alama ya huruma katika siku za Musa akawa sanamu ya ushirikina katika siku za Hezekia, kwa sababu mioyo ya watazamaji ilibadilika. Ndiyo maana siwezi kuwajibu ndugu zetu Waprotestanti kwamba hofu yao haina msingi. Inao. Ila Hezekia alivunja shaba iliyoharibiwa matumizi, hakumhukumu Musa.

Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, mambo yote mawili yamo katika mji mmoja wa Efeso. Leso zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa, nao wakapona. Na mwandishi asema wazi ya kuwa Mungu ndiye aliyefanya miujiza hiyo. Wana saba wa Skeva wakataka kulitumia jina la Yesu kama azima, wasilijue ila kwa kusikia, wakapigwa wakakimbia uchi. Kisha watu wa mji wakavichoma vitabu vyao vya uganga, vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Jina lililowafukuza pepo lilikuwa moja, kwa Paulo na kwa wana wa Skeva. Waliolitamka hawakuwa sawa.

Mwalimu aliyelichunguza jambo hili kwa makini kupita wote ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274. Katika kitabu chake kikubwa, Summa, aliuliza kama ni halali mtu kujitundika shingoni maneno ya Mungu yaliyoandikwa. Lo! Ni swali la hirizi hasa, nalo liliulizwa Ulaya, kwa kuwa Wakristu wa huko walikuwa na hirizi zao. Jibu lake si ndiyo wala siyo. Alisema yatazamwe maneno yenyewe: yasiwe na mwito wa mashetani, wala majina yasiyojulikana, wala uongo wowote. Tena pasiwe na alama nyingine pamoja nayo, ila ishara ya msalaba. Mwisho, mtu asitumainie namna ya kuandika au ya kufunga, wala upuuzi mwingine usiohusu heshima ya Mungu.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye kukata. Mganga akuambia hirizi iandikwe kwa wino huu, ifungwe kwa uzi mweusi, isivukishwe maji, isiguswe na mwanamke, isiingizwe nyumba yenye maiti. Ukivunja mwiko, imekufa. Nguvu imo katika namna. Na kwa haki yapasa kusema ya kuwa wanachuoni wa Kiislamu nao wamebishana kwa karne nyingi juu ya hirizi na kombe. Wako walioruhusu maneno ya Kurani peke yake, na wako waliokataza yote kwa sababu ile ile ya kuogopa shirki. Basi jirani yetu akituuliza swali lake, tunaweza kumwambia ya kuwa swali hilo lipo nyumbani kwake pia.

Sasa tukiupima mwenendo wa Kanisa kwa sharti hilo, twaona jambo la kupendeza. Skapulari ya Karmeli kwa desturi ni vipande viwili vya kitambaa cha sufu ya kahawia. Tarehe 16 Desemba 1910, kwa ruhusa ya Papa Pius X, Kanisa lilikubali ya kuwa mtu akisha kuvikwa skapulari aweza kuvaa medali ya madini badala ya kitambaa. Nguvu ingekuwamo ndani ya sufu, ruhusa hiyo isingewezekana. Ni mganga gani awezaye kumwambia mteja wake, "Ngozi ikikusumbua kwa jasho, vaa chuma tu, ni mamoja"?

Vivyo hivyo medali iitwayo ya Miujiza. Sista Katarina Labouré alipata maono yake Paris mwaka 1830, na medali za kwanza zikatengenezwa mwaka 1832, wakati kipindupindu kilipokuwa kikiua watu wengi mjini humo. Jina la miujiza lilitoka midomoni mwa watu. Medali yenyewe ilikuwa ya Mama asiye na dhambi ya asili, na juu yake limeandikwa ombi la kumtaka atuombee. Twazame hapo: maandishi yake hayafichwi ndani ya ngozi, bali yako wazi kwa ajili ya kusomwa, na ni maneno ya mtu aombaye. Tena masista walioigawa hawakuigawa wakiwa mbali na wagonjwa, walikuwa wakiwauguza.

Tusidhani ya kuwa hatari hii ni ya Waafrika peke yao. Huko Marekani wako watu, hata wasio Wakatoliki, ambao wakitaka kuuza nyumba huzika sanamu ya Mtakatifu Yosefu bustanini, kichwa chini miguu juu, ili mnunuzi apatikane upesi. Hilo kwa Kiswahili ni fingo tupu, wala halina jina jingine. Na kwetu, siku hizi karatasi za zamani za "sala ya mnyororo" zimehamia katika simu: peleka sala hii kwa watu kadhaa kabla ya usiku, utapata baraka, ukiikatisha, utapata hasara. Hesabu, muda na vitisho, hayo ndiyo masharti ya mganga, hata jina la Yesu likiandikwa juu yake. Dereva naye hutundika rozari katika kioo cha gari, kisha aendesha kama mtu aliyekwisha kulipia bima mbinguni. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 2002 juu ya Rozari, alionya ya kuwa pasipo kumtafakari Kristu, hata zile shanga zingeweza kuhesabiwa kama hirizi. Asemaye maneno hayo alikuwa mtu aliyeipenda Rozari kuliko wengi wetu.

Ubaya wa jambo hili hauishii katika mawazo. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, katika mkutano wa mahubiri usio wa Kanisa Katoliki, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokimbilia kuyakanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Sisemi hivi ili kuwashutumu Wakristu wa madhehebu mengine, kwa maana umati wetu nao, siku ya kugawa maji, wajulikana kwa masukumano na madumu. Ila watu waliozoezwa kufikiri ya kuwa baraka ni kitu kilichomo ndani ya mafuta, tena ni chache na yaweza kuisha, hawawezi kungoja kwa utaratibu. Aaminiye ya kuwa baraka yatoka kwa Mungu hana sababu ya kukimbia.

Jambo la fedha nalo lina sheria yake. Medali huuzwa dukani kama kitu kingine chochote, lakini baraka haiuzwi. Kuiuza ni dhambi ya Simoni, yule mchawi wa Samaria. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilisema ya kuwa rozari iliyobarikiwa na kupewa rehema, ikiuzwa, hupoteza rehema zake. Mganga hufanya kinyume: ada ikipungua, dawa haishiki.

Wakristu wengine huuliza wafanye nini na vitu hivi vikichakaa, nao huuliza kwa hofu, kama watu waogopao kuitupa hirizi njiani. Desturi ya Kanisa ni kuviteketeza kwa moto au kuvizika ardhini, kwa heshima, bila maneno maalumu. Matawi ya Jumapili ya Matawi huchomwa mwaka wa pili yake, na majivu yake hupakwa vichwani mwetu Jumatano ya Majivu. Uzi wa rozari ukikatika, zikusanye shanga na kuzitunga tena kwa uzi wowote ulio imara. Hata mtoto aweza kuifanya kazi hiyo, wala si lazima kuirudisha kwa Padre.